Kibali cha kazi na ukaazi Ujerumani: anza na cheti, ubalozi baadaye

Mtu akitaka kwenda kufanya kazi Ujerumani, kitu cha kwanza anachouliza ni miadi ya ubalozini. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ubalozi ni kituo cha mwisho. Viza hufuata mkataba wa kazi, mkataba hufuata cheti kilichotambuliwa, na cheti hakisogei bila karatasi zilizonyooka na Kijerumani cha kutosha. Ukianza na kinachochukua muda mrefu zaidi, vingine hujipanga vyenyewe. Ukianza na viza, utalipa ada na kurudishwa kule kule.

Jambo moja la kuelewa mapema: Ujerumani haina kibali cha kazi kinachosimama peke yake. Ruhusa ya kufanya kazi huandikwa ndani ya kibali cha ukaazi, na kila kibali kina sababu yake na kifungu chake katika sheria ya ukaazi, yaani Aufenthaltsgesetz. Namba hizo za vifungu utakutana nazo kwenye kila fomu, kwa hiyo zizoee.

Chagua mlango wako

Mwenye diploma ya ufundi au uuguzi iliyotambuliwa Ujerumani, na ana mkataba wa kazi, huingia kwa kifungu cha 18a. Mwenye shahada huingia kwa 18b. Mshahara wake ukifika kiwango, kuna Blaue Karte ya kifungu cha 18g, yenye faida zaidi: kwa mwaka 2026 kiwango ni euro 50,700 kwa mwaka kabla ya makato, au euro 45,934.20 kwa taaluma zenye upungufu wa watu kama uhandisi, udaktari na TEHAMA. Ambaye cheti chake kimetambuliwa nusu na anahitaji kuziba pengo anatumia 16d. Asiye na taaluma lakini amemaliza sekondari anaweza kwenda kusomea kazi huku akilipwa. Hiyo ndiyo Ausbildung, kifungu cha 16a.

Ukiwa na zaidi ya miaka 45 na unaomba 18a au 18b kwa mara ya kwanza, kuna sharti la ziada la mshahara wa juu au uthibitisho wa pensheni ya kutosha. Kwa mwaka 2025 mshahara huo ulikuwa euro 53,130 kwa mwaka. Muuguzi wa kawaida hafikii hapo kwa urahisi, kwa hiyo mwenye miaka 44 asipoteze mwaka kufikiria.

Halafu kuna Chancenkarte, kifungu cha 20a, iliyoanza 1 Juni 2024. Hii inakupa hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi ukiwa Ujerumani kwenyewe, na unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki. Inasifiwa sana mitandaoni, ila tuhesabu. Kwanza uwe na shahada, au mafunzo ya kazi ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na serikali ya kwenu, pamoja na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi za lugha huanzia A1, ya chini kabisa, kisha A2, B1, B2, C1 hadi C2). Hilo ni tiketi ya kuingia tu. Baada ya hapo unatafuta pointi 6.

Mfano: fundi umeme wa miaka 29, diploma ya miaka 2, amefanya kazi hiyo miaka 5 ndani ya 7 iliyopita. Umri usiozidi 35 unampa pointi 2. Uzoefu wa miaka 5 unampa 3. Amebakiza moja, na cheti cha Kijerumani cha A2 kinaijaza. Angekuwa na uzoefu wa miaka 2 tu ndani ya 5 iliyopita, angepata pointi 2 kwenye uzoefu, na hapo angehitaji B1, ambayo ni pointi 2. Kiingereza cha C1 kinaongeza pointi 1. Uzoefu unaohesabiwa ni wa kazi ile ile uliyosomea, na ni ule ulioanza baada ya kuhitimu. Miaka uliyokaa gereji ya mjomba kabla ya chuo haihesabiwi.

Sasa fedha. Mwenye Chancenkarte lazima aonyeshe kwamba anaweza kujikimu. Kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima, na kwa kawaida huwekwa kwenye Sperrkonto, akaunti inayofunguka kwa fungu la mwezi mmoja mmoja. Ukiwa na kiasi hicho, sawa. Ukilazimika kukikopa kwa riba ili kwenda kutafuta kazi ambayo hujaipata, tafuta mkataba ukiwa nyumbani. Muuguzi hasa hana sababu ya njia hii, kwa sababu hospitali na nyumba za wazee humwajiri akiwa bado kwao.

Majina kwanza

Kabla ya kulipia chochote, tandaza mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha sekondari, cha chuo, leseni ya baraza la taaluma yako, na cheti cha ndoa kama kipo. Soma jina herufi kwa herufi.

Kwetu mtu ni Mwanaisha shuleni, Mwanaisha Juma chuoni, na Mwanaisha Juma Bakari kwenye pasipoti. Hapa nyumbani hakuna anayeshangaa. Ofisa wa Kijerumani anaona watu watatu. Yeye hutazama sehemu ya jina la ukoo kwenye pasipoti na kulichukua lilivyo. Kama pale pameandikwa Bakari, basi barua zote zitakuja kwa Frau Bakari, na cheti cha "Mwanaisha Juma" kitaulizwa ni cha nani. Tarehe za kuzaliwa zinazopishana ni mbaya zaidi, maana hapo huanza shaka ya kughushi.

Pasipoti ikiwa sahihi, rekebisha vyeti vifuate pasipoti. Baraza la mitihani au chuo kikikataa kubadilisha, andaa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina inayotaja majina yote mawili, na iambatanishwe kila mara cheti kinapotumwa. Pasipoti yenyewe iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na kurasa mbili tupu. Kama inakaribia kuisha, ifanye upya sasa, maana namba yake itaandikwa kila mahali.

Kutambuliwa kwa cheti (Anerkennung)

Hapa ndipo muda unapoishia, na ndipo penye makosa mengi.

Kazi zimegawanyika mafungu mawili. Kuna zilizofungwa na sheria, kama udaktari, uuguzi, ufamasia na ualimu. Hizi huwezi kuzifanya hata siku moja bila idhini ya jimbo. Nyingine hazikufungwa, lakini kwa kibali cha 18a bado cheti lazima kitambuliwe. Mwenye shahada ya fani isiyofungwa ana njia nyepesi: aangalie chuo chake kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje. Chuo kikiwa na alama ya H+ (yaani kinatambuliwa) na shahada yake ikiwa imeorodheshwa kuwa sawa, achapishe kurasa hizo mbili aziambatanishe. Shahada isipokuwepo, aombe tathmini kwa ZAB, ofisi iliyoko Bonn. Kosa la kawaida ni kuchapisha ukurasa wa chuo peke yake. H+ inazungumzia chuo tu. Shahada inahitaji ukurasa wake.

Fundi huenda ofisi nyingine kabisa. Kazi za viwandani na za biashara hupelekwa IHK FOSA, Nürnberg, kwa ada ya kati ya euro 100 na 600. Kazi za ufundi wa mikono, kama useremala au umeme wa majumbani, huenda chama cha mafundi cha mkoa, Handwerkskammer. Ombi likitumwa ofisi isiyo yake, linaweza kukaa huko wiki kadhaa kabla hujajua. Kabla ya kutuma, ingia kwenye tovuti ya serikali iitwayo Anerkennung in Deutschland, andika kazi yako na mji unaokwenda, itakuonyesha ofisi inayohusika.

Muuguzi huomba kwa jimbo atakalofanyia kazi. Bavaria ina ofisi yake, Hessen yake, na masharti ya karatasi hutofautiana kidogo. Ndiyo maana si busara kuanza kutuma kabla hujajua utaajiriwa wapi, isipokuwa jimbo lenyewe linakubali anayetafuta kazi tu.

Bahasha ya muuguzi huwa na cheti cha chuo, transkripti, leseni hai ya Nursing Council of Kenya au ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, barua za waajiri, wasifu, cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Karatasi inayowakwamisha wengi si hizo. Ni orodha ya saa. Ofisi inataka kujua umesoma saa ngapi za nadharia na saa ngapi za vitendo, somo kwa somo, wodi kwa wodi: upasuaji saa kadhaa, watoto saa kadhaa, afya ya akili, wazazi, huduma za jamii. Transkripti nyingi za vyuo vyetu zinaonyesha alama na krediti za masomo, hazionyeshi saa za wodini. Nenda chuoni ukaombe barua yenye mchanganuo huo, yenye muhuri na sahihi ya mkuu wa chuo au msajili. Usikubali barua inayosema tu "alimaliza mafunzo ya vitendo kikamilifu". Bila saa, mlinganishaji huhesabu sifuri, na kila sifuri inakuongezea miezi ya mafunzo ya kuziba pengo.

Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Ubalozi unaweza kukubali cheti cha Kiingereza, lakini ofisi ya utambuzi mara nyingi inataka Kijerumani. Nakala ziwe zimethibitishwa, na uulize kabla nani anaruhusiwa kuzithibitisha, kwa sababu muhuri wa wakili wa mtaani hukataliwa na ofisi nyingi. Cheti halisi kisipande ndege bila wewe.

Ofisi huwa na miezi 3 hadi 4 kutoa jibu, na muda huo unaanza kuhesabiwa siku karatasi zote zikiwa zimekamilika. Upungufu wa barua moja unasimamisha saa.

Jibu la kwanza kwa muuguzi wa kutoka kwetu karibu kila mara ni "kwa sehemu". Barua hiyo, Defizitbescheid, inaorodhesha upungufu. Usiichukulie kama kukataliwa. Ndiyo tiketi yako ya kifungu cha 16d. Unakwenda Ujerumani, unafanya kazi kama msaidizi wa muuguzi, na huku unamaliza moja kati ya mawili: mafunzo ya kuziba pengo (Anpassungslehrgang) au mtihani wa maarifa (Kenntnisprüfung). Mtihani ni mfupi lakini una sehemu ya mazungumzo na ya vitendo kwa Kijerumani. Mafunzo huchukua miezi zaidi lakini hayana hatari ya kufeli siku moja.

Tangu Machi 2024 kuna njia nyingine ndani ya 16d: unaingia kwanza na mkataba, Kijerumani cha A2 na taaluma ya angalau miaka 2 inayotambuliwa na serikali yenu, na utambuzi unafanyika ukiwa huko huko, hadi miaka 3. Ni nzuri ikiwa mwajiri yuko makini. Mwajiri mzembe atakuacha msaidizi miaka yote 3, na muda ukiisha huna idhini wala kibali.

Kijerumani

Vyeti vinavyokubalika ni vya Goethe-Institut, telc, ÖSD au TestDaF. Nairobi na Dar es Salaam zote zina Goethe-Institut inayofanya mitihani. Cheti cha chuo cha lugha cha mtaani, hata kiwe na mhuri mkubwa namna gani, si mtihani.

Idhini ya uuguzi kwa kawaida inahitaji B2, Ausbildung B1. Goethe yenyewe inakadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kufika B1, na 600 hadi 800 kufika B2. Anayekuahidi B2 ndani ya miezi 3 ukiwa unafanya kazi ya zamu anakuuzia matumaini. Mtihani wa Goethe wa B1 na B2 una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza, na kila moja inahitaji pointi 60. Ukianguka kuandika peke yake, unarudia hiyo tu. Watu wengi hawajui hili na hulipia mtihani mzima tena.

Angalia pia tarehe. Balozi kwa kawaida hutaka cheti cha lugha kisichozidi miezi 12. Aliyefanya B1 mapema mno, kabla hata ya kuanza kushughulikia Anerkennung, hujikuta anarudia.

Mkataba na mawakala

Mkataba lazima utaje kazi, mahali, saa kwa wiki, mshahara kabla ya makato na tarehe ya kuanza. Pamoja nao mwajiri anajaza fomu ya Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis, ambayo shirika la ajira la serikali (Bundesagentur für Arbeit) hutumia kuangalia kama unalipwa sawa na Mjerumani wa kazi hiyo. Saa au mshahara vikitofautiana kati ya mkataba na fomu, faili linarudi.

Mshahara wa euro 2,800 kwa mwezi kwa asiye na familia huacha takriban euro 1,900 hadi 2,000 mkononi baada ya kodi, bima ya afya na pensheni. Pango la nyumba litoke humo. Piga hesabu kwa fedha ya mkononi.

Soma kifungu cha kurudisha gharama. Baadhi ya mikataba inasema ukiondoka kabla ya miaka kadhaa utalipa maelfu ya euro za kozi na tiketi. Ulizia mapema: kiasi gani, kinapungua kila mwezi au la, na je ukifukuzwa bila kosa? Kuna ushauri wa bure wa haki za kazi uitwao Faire Integration, na tangu 1 Januari 2026 mwajiri anayeajiri mtu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya analazimika kumjulisha juu ya ushauri huo. Mwajiri ambaye hataki kuutaja ametoa jibu lake.

Kwa kada ya afya kuna sheria ambayo mawakala hawaisemi. Ujerumani inazuia mawakala binafsi kusaka na kuunganisha wahudumu wa afya kutoka nchi zilizo kwenye orodha ya WHO ya upungufu wa watumishi. Kazi hiyo imeachiwa shirika la ajira la serikali tu. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo (DRC) zimo kwenye orodha ya mwaka 2023. Kenya haimo. Muuguzi Mtanzania anaweza kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja kwa hospitali, na ni halali kabisa. Lakini wakala wa Dar anayemtoza shilingi milioni kadhaa "kumuunganisha" anafanya asichoruhusiwa.

Kwa Kenya, angalia jina la wakala kwenye orodha ya National Employment Authority kabla ya kutoa hata shilingi ya fomu. Na tuweke sawa jambo moja: mkataba uliosainiwa Berlin 13 Septemba 2024 kati ya Kenya na Ujerumani hauna idadi ya nafasi. Habari za ajira 250,000 zilikanushwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe. Hakuna foleni ya mgao unayoweza kulipia kuingia.

Viza

Tangu mwanzo wa 2025 maombi ya viza za kazi yanajazwa kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani. Unapakia karatasi, zinakaguliwa, kisha unakwenda ubalozini kwa alama za vidole, picha na kuonyesha vyeti halisi. Ada ni euro 75. Viza unayoomba ni ya taifa, aina ya D. Viza ya Schengen ya siku 90 haibadilishwi kuwa ya kazi ukishafika. Atakayekushauri uende kama mtalii kisha "utajipanga" anakupeleka kwenye tiketi ya kurudi.

Mwajiri mwenye haraka anaweza kuomba utaratibu wa kasi (beschleunigtes Fachkräfteverfahren) kwa ofisi ya wageni ya mji wake, kwa ada ya euro 411. Wewe unampa idhini ya maandishi, yeye anashughulikia utambuzi na kibali cha awali, na ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki 3 na uamuzi ndani ya wiki 3 nyingine. Mwombaji mwenyewe hawezi kuianzisha. Ukiwa kwenye usaili, muulize mwajiri kama ataitumia.

Ukinyimwa, tangu 1 Julai 2025 hakuna tena barua ya kupinga ubalozini. Unaweza kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, au kutuma ombi jipya. Kwa karatasi iliyokosekana, ombi jipya ni haraka na nafuu kuliko kesi.

Viza ikitoka, isome hapo hapo dirishani: jina, tarehe, na sehemu ya maelezo inayotaja mwajiri au kifungu.

Wiki za kwanza

Ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia kwenye nyumba, nenda kujiandikisha (Anmeldung). Unahitaji pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa pango peke yake hautoshi. Mwenye nyumba anayekataa kuisaini amekupangisha mahali ambapo huwezi kujiandikisha, na bila anwani hupati namba ya kodi wala akaunti ya benki kirahisi. Hiyo namba ya kodi huja kwa posta, kwa hiyo bandika jina lako kwenye sanduku la barua. Tarishi wa Ujerumani haulizi majirani.

Siku hiyo hiyo omba miadi ya ofisi ya wageni, Ausländerbehörde. Katika miji mikubwa miadi inaweza kuchukua miezi. Muhimu ni ombi la kibali kufika kabla viza haijaisha. Ukituma kwa wakati, haki yako ya kukaa na kufanya kazi inaendelea hadi uamuzi utoke, na unaweza kudai karatasi ya kuthibitisha hilo, Fiktionsbescheinigung. Hifadhi ushahidi wa kutuma. Ukichelewa siku moja, kazi inasimama.

Kibali kikitoka ni kadi ya plastiki, na pengine karatasi ya ziada yenye masharti. Karatasi hiyo ndiyo inayosema kama umefungwa kwa mwajiri mmoja. Usihamie kwa mwajiri mwingine kwa sababu ya euro 200 kabla ofisi haijajibu. Ukipoteza kazi, una wiki 2 za kuijulisha ofisi ya wageni. Wengi hunyamaza wakitumaini watapata nyingine kimya kimya, kisha ukimya huo ndio unaotumika dhidi yao wakati wa kuongeza muda.

Hifadhi kila hati ya mshahara tangu ya kwanza. Fundi au muuguzi aliyetambuliwa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3, akiwa na michango ya pensheni ya miezi 36 na Kijerumani cha B1. Mwenye Blaue Karte anahitaji miezi 27, au 21 akiwa na B1. Na ukienda nyumbani kwa msiba au kujenga, hesabu siku: kukaa nje zaidi ya miezi 6 bila ruhusa ya maandishi ya ofisi ya wageni kunafuta kibali cha kawaida, hata kama tarehe iliyoandikwa kwenye kadi bado haijafika.